Msimamizi wangu ananitaka, na ni mtu wa nyumbani: nitaripoti vipi nisipoteze shahada?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu hapa Unguja, kwetu Pemba, nakaa dakhalia. Msimamizi wa utafiti wangu amekaa na sura yangu ya tatu tokea mwezi wa pili. Kila nikimuuliza ananambia nimfuate nyumbani kwake Fuoni jioni, mkewe akiwa hayupo. Ameniandikia WhatsApp: 'mambo yako mepesi, wewe ndo unayafanya mazito'. Hajanigusa. Nilipokataa akaanza kunisema mbele ya wenzangu, kwamba sisi wa Pemba tunajidai watawa na kichwani hamna kitu, na siku ya semina hakunipa nafasi ya kuwasilisha. Kinachonitesa zaidi ni kuwa kamuoa binti wa mjomba wake mama. Nimemwambia mjomba wangu, akanijibu nisitie fitina kwenye ukoo, na kwamba bila ya mashahidi wanne dhambi itakuwa yangu. Baadhi ya ujumbe wake niliujibu kwa heshima, hata imoji za kucheka nilimuwekea. Je, nina kesi? Au nimalize shahada kwanza ndipo niseme? Na nikisema, naanzia wapi?"

Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua umelisubiri kwa muda: ndiyo, una kesi. Unazo mbili, ya rushwa ya ngono na ya ubaguzi, na zote umezieleza kwa ufasaha kuliko wengi wanaokuja mbele yangu na wakili pembeni. Mimi ni mwanasheria, na miaka mingi nimekaa na wanafunzi wa vyuo vyetu wakiwa na swali kama lako. Karibu wote huingia wakidhani kuna mambo mawili tu ya kuchagua: kunyamaza kabisa au kuanika kila kitu mbele ya watu. Baina ya hayo mawili kuna hatua nyingi, na nyingi kati ya hizo unaweza kuzichukua wiki hii bila ya mtu yeyote wa ukoo wenu kujua.

Umeandika "hajanigusa" kama vile unaomba radhi kwa kulalamika. Usiombe. Saini anayokuzuilia si mali yake. Ni ya chuo, na amekabidhiwa aitumie kupima kazi yako. Anapoifungia mpaka uende Fuoni jioni, anauza kitu cha chuo, na bei anayotaka ni mwili wako. Hii ndiyo rushwa ya ngono, na katika rushwa kosa halisubiri mlipaji alipe, bali hutimia pale muombaji anapoomba. Ofisa anayekutaka elfu hamsini ili akupe cheti cha kuzaliwa ameshakosa hata kama hukumpa senti. Huyu bwana ni vivyo hivyo.

Imoji za kucheka nazo zisikunyime usingizi. Mtu aliyeishikilia shahada yako anapokuandikia saa nne za usiku, unacheka ili asikasirike, unasema "haya ticha, tutaonana In Shaa Allah" ili ukate mazungumzo. Mchunguzi anayeijua kazi yake hachomoi ujumbe mmoja akauhukumu peke yake. Anasoma mfuatano: uliomba nini, yeye akakujibu nini, ulikwepa mara ngapi, ulikataa siku gani, na baada ya siku hiyo kikatokea nini. Kwako mfuatano umekaa wazi. Sura ya tatu imelala mezani kwake, ombi limekuja, umekataa, na semina inayofuata umenyimwa nafasi. Heshima yako kwa mwalimu haigeuki kuwa ridhaa.

Sasa mashahidi wanne. Nalijibu hili kwa adabu, kwa sababu mjomba wako huenda hakulisema kwa ubaya. Mashahidi wanne katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ni sharti la kuthibitisha zinaa ili ipite adhabu yake. Wewe humtuhumu mtu kwa zinaa. Unasema umedaiwa kitu usichotakiwa kudaiwa, ukakataa, na sasa unaadhibiwa kwa kukataa. Tena hapa Zanzibar Mahakama ya Kadhi kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi, malezi na mengine ya kifamilia. Jinai hazisikilizwi huko. Katika mahakama za kawaida hakuna idadi maalumu ya mashahidi, kinachopimwa ni uzito wa ushahidi, na maneno yako wewe mwenyewe ni ushahidi. Nimeshuhudia wasichana wakirudishwa nyumbani na wazee wao kwa hoja hii ya watu wanne, na kila mara moyo huniuma, kwa sababu dini inatumiwa kumlinda yule ambaye dini yenyewe imemkataza kumkaribia binti wa watu.

Nije kwenye muhali, ile hali ya kuona vibaya kumkatalia au kumsema mtu kwa sababu mnajuana, maana barua yako yote imejaa muhali ingawa hukulitaja neno. Sisi Wazanzibari tunajuana. Mhadhiri ni shemeji wa fulani, mjumbe wa kamati kasoma na kaka yake, karani wa masjala anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi. Muhali una uzuri wake, ndio unaotufanya tuzikane na kuoleshana bila ya kadi za mwaliko. Lakini angalia hapa umebebeshwa nani. Aliyestahiki kuona muhali ni yeye, alipojua wewe ni mtoto wa binamu wa mkewe. Hakuona. Sasa unaambiwa uuone wewe kwa niaba yake. Na stara vilevile: stara ni ya kumsitiri aliyedhulumiwa asianikwe, na chuo kina wajibu wa kukusitiri kwa kuyaweka malalamiko yako siri. Haikuwekwa ili dhuluma ipate pa kujificha.

Kwa hiyo mjomba muache kwanza, bila ya kumvunjia heshima. Mwambie mama. Usimwambie kwa simu ukiwa umesimama kituo cha daladala, subiri uwe naye au upate saa nzima ya utulivu. Anza na tatizo la masomo, usianze na aibu: "Mama, kuna mwalimu ananizuilia kazi yangu kwa sababu nimekataa kwenda kwake." Akikuuliza nani, mtaje. Mara nyingi mama huwa ameshasikia jambo juu ya mtu huyo kabla yako.

Kabla ya kwenda popote, shughulikia ushahidi. Kuna msichana mmoja simsahau. Alikuja na simu iliyopasuka kioo kuanzia kona ya juu mpaka chini, akaiweka mezani kifudifudi. Nilipomuomba tusome ujumbe pamoja akaigeuza, akanionesha ukurasa mweupe. Aliufuta wote usiku wa kuamkia siku ile kwa sababu, alinambia, kila akiuona tumbo linamchafuka. Nilimuelewa, lakini kesi yake ilianza ikiwa nusu. Wewe usifute. Angalia kama WhatsApp yako au yake imewekwa ujumbe upotee wenyewe baada ya muda, na kama ndivyo, fanya kazi hii leo. Piga picha za skrini zinazoonesha namba yake, tarehe na saa, si maneno peke yake. Kisha chukua simu ya rafiki unayemuamini, upige picha simu yako ikiwa imefunguka kwenye mazungumzo hayo. Tuma nakala kwenye barua pepe yako. Simu yenyewe usiiuze, usiibadilishe, usiipeleke kwa fundi akaisafisha. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar, Nambari 9 ya 2016, inaupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini mchunguzi atataka kuona ulikotoka.

Baada ya hapo nunua daftari. Andika kila tukio kwa tarehe, saa, pahala, maneno aliyoyasema kwa namna alivyoyasema, na nani alikuwepo. "Jumanne, saa kumi za jioni, ofisini kwake, mlango umefungwa, alinambia hivi." Usipambe na usiandike unavyodhani alikusudia. Pale usipokumbuka tarehe andika "wiki ya pili ya Ramadhani" au "siku mbili baada ya semina". Waandike na wale uliowahi kuwaeleza wakati huohuo, kwa sababu rafiki uliyemlilia dakhalia usiku ule ni shahidi, hata kama hakuliona tukio lenyewe.

Kesi ya pili, ile ya kusemwa kwa Upemba wako, watu wengi huimeza. Wanasema ni utani, Unguja na Pemba wanataniana tokea zamani. Utani tunaujua, na mwenye kutaniana na mwenzake hamnyimi nafasi ya semina. Ibara ya 12 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakataza ubaguzi, na inapoufafanua inagusa hata pahala mtu alipotokea. Ugumu wa ubaguzi ni kuuthibitisha, kwa sababu mara chache huja na ushahidi wa maandishi. Unathibitishwa kwa kulinganisha. Wangapi walipangiwa kuwasilisha siku ile? Wangapi walipewa nafasi? Wenzako wanaosimamiwa na yeye huyo wamerudishiwa sura zao baada ya muda gani, na wewe yako ina miezi mingapi? Ratiba ya semina iliyobandikwa ubaoni ni ushahidi. Mwenzako aliyesikia maneno yale na yuko tayari kuyaandika na kutia saini ni ushahidi mkubwa zaidi. Katika barua yako haya yape aya yake mbali, yasichanganyike na yale ya WhatsApp, ili anayesoma asije akaona moja ni dhaifu akaitupa na ya pili.

Barua zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni fupi na inakwenda kwa mkuu wa idara: unaomba kubadilishiwa msimamizi, kwa sababu kazi yako imekaa tokea mwezi wa pili bila ya kurudishwa. Huna haja ya kueleza zaidi. Nusu ukurasa unatosha. Hii inaokoa masomo yako hata kama utaamua kuishia hapo, na ukiishia hapo sitakulaumu, wala asikulaumu mtu. Ila ujue kwamba yeye atabaki na meza ileile, na mwakani atapewa wanafunzi wengine.

Ya pili ndiyo malalamiko. Iandike kwa Mlezi wa Wanafunzi, au kwa dawati la jinsia kama chuo chenu kinalo, na nakala kwa Makamo Mkuu wa Chuo. Chini ya KUH: andika "Malalamiko ya udhalilishaji na ubaguzi", halafu eleza matukio kwa mpangilio wa tarehe, na mwisho useme unataka nini: uchunguzi, msimamizi mwengine, kazi yako isahihishwe na mtu asiyekuwa yeye, na majina yahifadhiwe. Chapa nakala mbili. Unapoifikisha masjala, moja inabaki kwao, na ya pili muombe karani aigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha urudi nayo. Kikaratasi hicho chenye muhuri wa wino wa buluu ndicho kinachoizuia barua "kutoonekana". Barua isiyogongwa muhuri, kesho utaambiwa haijaletwa. Karani akikwambia muhuri haupo, msubiri, au itume kwa barua pepe ya ofisi siku hiyohiyo.

Ukiitwa mbele ya kamati una haki ya kuuliza ni nani waliomo. Kama yumo rafiki yake wa karibu au mtu wa ukoo, omba kwa heshima na kwa maandishi ajitoe. Omba awemo mwanamke. Omba usikalishwe naye chumba kimoja. Omba uamuzi uje kwa maandishi. Kamati ya chuo haitafuti kumfunga mtu, inaangalia kama maadili ya kazi yamevunjwa, kwa hiyo kiwango chake cha ushahidi kwa kawaida ni chepesi kuliko cha mahakama ya jinai, ambako lazima kosa lithibitike pasi na shaka. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza kazi chuoni na mahakamani asitiwe hatiani, na hilo halina maana kuwa ulisema uongo.

Mbali na chuo ipo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar, ZAECA. Wengi hukimbilia kusema "TAKUKURU", lakini hiyo kazi yake ni Bara. Mimi, kwa hali uliyonieleza, ningekwenda ZAECA mapema, na hata kabla ya barua ya pili. Sababu yangu ni kwamba bado anakudai. Rushwa inayoendelea inaweza kuchunguzwa ikiwa hai, na wachunguzi wanajua namna ya kumnasa muombaji bila ya wewe kuhatarika. Akishapewa barua ya malalamiko atatahadhari, na njia hiyo itafungika.

Hapa nikuombe kitu kimoja kwa msisitizo, na nikuombe kama mama. Usitege mtego wako mwenyewe. Usiende Fuoni na simu inarekodi ndani ya mkoba, hata ukisindikizwa na rafiki atakayesubiri nje. Nyumba ni yake, mlango ni wake, na ufunguo anao yeye. Hakuna ushahidi wenye thamani ya hatari hiyo.

Na usiyapeleke mtandaoni, angalau si sasa. Najua hasira inavyovuta, na najua wapo watakaokusukuma. Malalamiko ya kweli yaliyopelekwa kwa chombo kinachohusika yana kinga yake. Jina la mtu likirushwa kwenye makundi, unajifungulia mlango wa kushtakiwa wewe, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika hapa Zanzibar kama inavyotumika Bara. Pia unampa muda wa kufuta alivyonavyo.

Umeuliza kama usubiri shahada kwanza. Ninaelewa kwa nini unataka hivyo, na kama angekuwa ni mwalimu wa somo moja lililokwisha pengine ningekwambia subiri. Lakini huyu ndiye anayeishikilia hiyo shahada. Kusubiri unakokufikiria ni kusubiri huruma yake. Tena wenzako waliosikia yale maneno watahitimu na kutawanyika, mmoja Wete, mwengine Dar es Salaam, mwengine Oman, na kumpata mtu atie saini kutakuwa kazi. Ukiona huna nguvu ya kupeleka barua mwezi huu, basi fanya ya ushahidi na ile barua fupi ya kubadilishiwa msimamizi. Hizo mbili usizicheleweshe.

Sitakuficha gharama. Maneno yatakuwepo. Wapo watakaosema ulimtaka wewe, wapo watakaohesabu nguo ulizovaa. Jambo linaweza kuchukua miezi. Ikiwa baada ya kulalamika alama zako zitashuka ghafla, omba kwa maandishi karatasi zako zisahihishwe upya na mtu mwengine, na itaje tarehe ya malalamiko yako ndani ya ombi hilo, kwa sababu kulipiziwa kisasi ni jambo jengine la kulalamikia peke yake. Chuo kikikaa kimya, unaweza kwenda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo inasimamia vyuo vikuu vya pande zote mbili za Muungano, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Yote haya ni kwa hali ilivyo leo. Siku atakapokugusa, kukufungia mlango au kukulazimisha, usirudi kwenye barua. Hapo ni Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Nambari 6 ya 2018, na ni polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo. Ukilazimishwa, usioge na usifue nguo, zitie kwenye mfuko wa karatasi. Nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali ya Mnazi Mmoja, na kwa Pemba kipo Chake Chake. Pale unampata daktari, polisi na mshauri nasaha pahala pamoja, huna haja ya kuzungushwa kutafuta fomu. Dawa ya kinga ya virusi vya UKIMWI inafaa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Saa zikishapita, nenda vilevile, kwani yapo mengine ya kutibiwa na ushahidi mwengine wa kuchukuliwa.

Na kama usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, au umeanza kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo, hilo litangulie yote. Mwambie mwenzako wa chumba leo, na aende nawe hospitali.

Kwa msaada wa kisheria hutoi fedha. Wapo Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi hadi Chake Chake, na wapo wasaidizi wa sheria wilayani. Kama unaona vigumu kuonekana Unguja ukiingia ofisi hizo, anzia Pemba utakapokwenda likizo. Utakapokwenda, chukua daftari lako, simu yenyewe na chaja yake, ile ratiba ya semina ukiipata, na mtu mmoja unayemuamini wa kukaa pembeni yako. Ukishindwa kusema, mpe mwanasheria daftari alisome. Atakuuliza pale pasipofahamika, na mtaendelea kutoka hapo.